Kushuka bondeni, kuvuka ukingo au kuzungusha: njia ipi ikufae kwenye mlinganyo wako wa difarensho

Kuna dogo mmoja alinitafuta hapa Moshi, tukakaa kwenye kibanda cha mtori karibu na stendi, akatoa daftari lake akalisukuma mpaka upande wangu wa meza bila kusema kitu. Miezi mitatu ya kazi. Alikuwa amethibitisha kwamba mlinganyo −u'' = u³, kuanzia x = 0 mpaka x = π, na u ikiwa sifuri kwenye ncha zote mbili, una suluhu. Katumia theoremu ya Schauder (ile ya nukta isiyohama, nitaieleza kwenye njia ya tatu), mistari imenyooka, nimeipitia mara mbili sijaona kosa. Shida ilitokea siku ya kuwasilisha, mtu mmoja kwenye paneli akamuuliza swali moja tu, "sasa hiyo suluhu yako sio sifuri yenyewe?" na dogo akasimama pale hana jibu, kwa sababu ni kweli, weka u = 0 na mlinganyo unatimia bila hata kushika kalamu, na Schauder hakumwambia kama kuna nyingine.

"Kaka, nimekosea wapi?" Hesabu hakukosea. Alibeba njia kabla hajajiuliza anataka nini kutoka kwenye huo mlinganyo, na hili naliona sana kwa wanafunzi wa hapa na wa Arusha, mtu anashika njia kwa sababu ndo iliyokuwa kwenye notsi za msimamizi wake, basi. Kwa iyo naandika hii taratibu kwa yeyote aliyekwama palepale, nalinganisha njia tatu kubwa na moja ndogo, afu utaona mwenyewe ipi inaendana na kazi yako.

Vigezo kwanza

Kila njia nitaiuliza mambo yaleyale. Inataka nini kwenye mlinganyo wako, hasa kama lazima uwe na nishati au hapana. Inakupa nini mkononi, manake "suluhu ipo", "ipo na ni moja", "ipo na sio sifuri" na "ziko nyingi" ni vitu vinne tofauti kabisa. Inakwama wapi. Kwenye kompyuta inakuaje, kwa sababu msimamizi lazima atataka grafu. Na mwisho inamfaa nani.

Hiyo nishati ndo mzizi wa yote kwa hiyo tuiweke sawa. Una mlinganyo −u'' = f(u). Tunga namba hii kwa kila u: I(u) = ½∫(u')² − ∫F(u), ambapo F ni intigrali ya f. Ukisukuma u kidogo kwenda upande wowote ule na I isibadilike kwenye hatua ya kwanza, basi u hiyo inatimiza mlinganyo. Badala ya kupambana na mlinganyo moja kwa moja, unatembea juu ya ardhi yenye pande zisizo na idadi ukitafuta sehemu tambarare. Na tambarare zipo za aina nyingi, kuna ya chini kabisa ya bonde, kuna ya kileleni, na kuna ile ya tandiko. Waliowahi kupanda Kili kwa njia ya Marangu wanaijua, ile nyanda kati ya Kibo yenye mita 5,895 na Mawenzi yenye mita 5,149: ukitoka Kibo kwenda Mawenzi unashuka mpaka kwenye mita 4,400 hivi ndo unaanza kupanda tena, lakini ukiikata kutoka upande wa Moshi kwenda upande wa Kenya, hapohapo ndo sehemu ya juu kabisa ya safari yako. Sehemu moja, kwa huyu ni chini, kwa yule ni juu. Shika hiyo picha.

Njia ya kwanza: kushuka bondeni

Inataka nini. Nishati iwepo, iwe na sakafu (isishuke bila mwisho), na ukienda mbali upande wowote iwe inapanda. Pia isikusaliti mwishoni, yaani mfuatano wako ukishuka shuka ukafika kikomo, nishati ya kikomo isiwe juu kuliko ulikokuwa unaelekea.

Mfano wake mzuri ni −u'' + u³ = h (h ni fankisheni yoyote uliyopewa), tofauti na wa dogo ni alama tu, u³ imehamia upande wa pili. Nishati inakuwa ½∫(u')² + ¼∫u⁴ − ∫hu, na umbo lake ni bakuli safi. Bakuli lina chini moja, kwa iyo suluhu ipo na ni moja tu, na hujaombwa h iwe ndogo wala nini. Hapo ndo uzuri wa hii njia, inakupa kuwepo na upekee kwa pamoja, na kama umbo sio bakuli kamili bado inakupa suluhu, ila upekee unapotea.

Inakwama wapi? Historia yenyewe inafundisha. Riemann aliitumia kama kitu kilicho wazi, kwamba nishati isiyoshuka chini ya sifuri lazima mahali fulani ifike chini yake kabisa. Mwaka 1870 Weierstrass akaonyesha sio lazima. Chukua ∫x²(u')² kutoka −1 mpaka 1, u ianze na −1 iishie na 1. Unaweza kuiacha u imelala muda wote afu ipande ghafla karibu na x = 0 pale ambapo x² ni ndogo mno, gharama inapungua inapungua inakaribia sifuri, lakini kufika sifuri haifiki, kwa sababu kufika kunataka u isipande kabisa, na lazima itoke −1 iende 1. Hilbert ndo alikuja kuirudishia heshima karibu na mwaka 1900. Kwa hiyo ukiandika "nishati ina sakafu kwa hivo ina kima cha chini", jua unarudia kosa la zaidi ya miaka 150.

Na kwa mlinganyo wa dogo haifanyi kazi hata kidogo. Nishati yake ni ½∫(u')² − ¼∫u⁴, ile u⁴ yenye alama ya kutoa ukiikuza inameza kila kitu na inashuka bila kikomo. Hakuna sakafu, hakuna bonde la chini kabisa.

Kompyuta: hapa ndo nyumbani kwake. Walther Ritz alishaonyesha tangu 1908 na 1909 kwamba ukichagua fankisheni chache na kushusha nishati juu ya hizo tu unapata jibu la karibu, na elementi finiti za leo ni watoto wa wazo hilohilo. Unashuka mteremko, unafika. Laptop ya kawaida inatosha.

Inamfaa mtu wa uhandisi, mtu wa joto na mikunjo ya boriti, mwanafunzi ambaye msimamizi wake anataka suluhu moja inayoaminika, na mwalimu anayetaka kufundisha hii mada kwa mara ya kwanza.

Njia ya pili: kuvuka ukingo

Hii nitakaa nayo, kwa sababu ndo watu wanaiogopa na mimi naipenda kwa dhati.

Watu wa Arusha picha yake mnaijua kwa macho. Uko chini kwenye kreta ya Ngorongoro, mita 1,800 hivi. Kingo zimekuzunguka pande zote, zinafika mita 2,300 na zaidi. Nje huko, ukishateremka Karatu ukaendelea mpaka Mto wa Mbu, uko karibu na mita 1,000, chini kuliko hata sakafu ya kreta ulikotoka. Sasa unatokaje? Gari nyingi zinapandia barabara ya Lerai, lakini kwa miguu unaweza kujichagulia popote, ila kila njia ina sehemu yake ya juu kuliko zote na huwezi kuikwepa. Chukua njia zote zinazowezekana, kila moja andika ilipanda juu kiasi gani, afu tafuta ile ambayo juu yake ni chini kuliko juu ya wenzake. Pale kwenye kilele cha hiyo njia ardhi ni tambarare, mbele na nyuma inashuka, kushoto na kulia inapanda, kwa sababu kama pembeni ingekuwa inashuka ungesogea kidogo ukapata njia nafuu zaidi. Hilo ni tandiko, na kwenye mlinganyo wako hiyo ndo suluhu.

Wazo hili walilitoa Antonio Ambrosetti na Paul Rabinowitz mwaka 1973. Na angalia kwa nini nimetumia Ngorongoro na sio mlima wetu. Kutoka Moshi kwenda upande wa pili wa Kilimanjaro huhitaji kuvuka mlima, unapita Himo, unapanda Rombo, unatokea Tarakea, umeuzunguka. Ukingo lazima ukuzunguke pande zote, pengo moja tu likiwepo theoremu haina cha kushika.

Inataka nini basi. Nishati iwepo, hilo halina mjadala. Sifuri iwe sakafu ya kreta, kuzunguka sifuri kuwe na duara ambalo nishati imepanda juu ya sifuri kwa kiasi kinachojulikana, na huko nje kuwe na sehemu iliyo chini kuliko sakafu. Tuicheki kwa mlinganyo wa dogo, kwa namba kabisa, kama tulivofanya siku ile nyuma ya daftari lake. Karibu na sifuri, ∫u⁴ ni kitu cha daraja la nne na ½∫(u')² ni cha daraja la pili, kwa hiyo u ikiwa ndogo cha daraja la pili kinashinda na nishati inapanda kila upande. Ukingo upo. Sasa tembea kwenye mstari mmoja, u = t·sin x. Nishati inatoka πt²/4 − 3πt⁴/32. Ukiwa t = 0 uko kwenye sifuri. Inapanda mpaka t² = 4/3, yaani t kama 1.155, hapo nishati ni π/6, karibu 0.524. Inaanza kushuka. Ukifika t = 2 ni −π/2, umeshapita Karatu uko Mto wa Mbu. Dogo aliangalia hizo namba tatu akacheka, "kumbe ni kreta kweli."

Tandiko lenyewe haliko hasa kwenye mstari wa sin x, liko pembeni yake kidogo. Huu mlinganyo bahati nzuri unaweza kutatuliwa mpaka mwisho: suluhu halisi ina kilele cha 1.180 badala ya 1.155, na nishati yake ni 0.508, chini kidogo ya 0.524. Inabidi iwe hivo, mstari wa sin x ni njia mojawapo tu ya kutoka kreta, na njia bora lazima ipande chini yake au sawa nayo.

Inakupa nini. Suluhu ambayo sio sifuri, na hiyo ndo zawadi yenyewe. Sio kwa bahati, iko juu ya ukingo na sifuri iko kwenye sakafu, haziwezi kuwa kitu kimoja. Afu kuna nyongeza: kama f ni ya kubadili alama pamoja na u (kama u³), nishati ni ileile kwa u na kwa −u, na mawazo ya Lyusternik na Schnirelmann ya kabla ya vita ya pili ya dunia yakiunganishwa na haya yanakupa suluhu zisizo na idadi. Kwa mlinganyo wetu unaziona kwa macho: kama u₁(x) ni ya kwanza, iendeleze nje ya kipande kwa kuigeuza juu chini, afu chukua k·u₁(kx), nayo ni suluhu, ina matuta k na nishati mara k⁴. Ya pili yake nishati ni 8.13 hivi. Ukitaka kuhesabu na kupanga aina za tandiko zote utaingia kwenye nadharia ya Morse, ila hapo jipe mwaka mzima.

Inakwama wapi. Hapa ndo watu wanaumia. Umbo la kreta peke yake halitoshi. Njia nafuu inaweza kuwa inasogea mbali kila unapoiboresha, mbali zaidi, mbali zaidi, na tandiko lisipatikane popote. Mfano mdogo kabisa, wa x na y tu: x² + (1 − x)³y². Sifuri ni sakafu, imezungukwa na ukingo, na ukienda x zaidi ya 1 na y kubwa unashuka kusiko na mwisho. Sasa tafuta tambarare. Mteremko wa upande wa y unataka y = 0 au x = 1. Ukiweka y = 0, upande wa x unalazimisha x = 0. Ukiweka x = 1, mteremko wa x ni 2, sio sifuri. Kwa iyo tambarare ni moja tu, ileile sakafu. Kreta ipo, ukingo upo, tandiko hakuna.

Kinachozuia hilo ni sharti la Palais na Smale la 1964: kila mfuatano ambao nishati yake inabaki ndani ya mipaka na mteremko wake unaelekea sifuri, lazima uwe na sehemu inayotulia mahali. Kulithibitisha ndo kazi kubwa ya karatasi nyingi za eneo hili. Ambrosetti na Rabinowitz walitoa sharti rahisi la kulisaidia, kwamba u ikiwa kubwa, u·f(u) iwe angalau mara μ ya F(u), na F iwe chanya, kwa μ fulani iliyozidi 2. Kwa u³ ni mara 4, unapita bila shida. Lakini pia f isikue haraka kupita kiasi, na hili usilichukulie poa ukitoka kwenye mstari ukaingia kwenye vipimo vitatu: huko mwisho ni u⁵. Pohozaev alionyesha 1965 kwamba ndani ya mpira, ncha zikiwa sifuri, −Δu = u⁵ (Δu ni u'' ya kila upande zikijumlishwa) haina suluhu chanya hata moja, na sio kwamba njia yako ni dhaifu, suluhu yenyewe haipo. Afu Brezis na Nirenberg 1983 wakaja na jambo ambalo mpaka leo nikilifundisha nasimama kidogo: ongeza λu, na kwa mpira wa nusu kipenyo 1 suluhu chanya inarudi, lakini pale tu λ ikiwa kati ya π²/4 na π². Nje ya hapo hakuna.

Kompyuta: kushuka mteremko kwa kawaida hakufai. Anzia 1.1·sin x utaporomokea sifuri, anzia 1.2·sin x utaporomokea nje bila kikomo, tandiko unalipita tu. Choi na McKenna walitoa algorithimu yake 1993, unaweka nukta nyingi kwenye njia nzima, unashusha ile iliyo juu kuliko zote, unarudia. Au ukishajua uko karibu, tumia njia ya Newton (unakisia, unasahihisha kwa mteremko, unarudia), kuanzia 1.155·sin x inafika haraka.

Inamfaa nani: mwenye mlinganyo ambao sifuri ni suluhu ya bure na anataka isiyo sifuri, mwenye subira ya kujifunza nafasi za Sobolev (nafasi za fankisheni ambamo nishati hizi zinaishi) sawasawa, na mwenye nishati. Asiye na nishati asome sehemu inayofuata.

Njia ya tatu: kuzungusha mpaka itulie

Hii ndo aliyoibeba dogo. Unaandika mlinganyo kama u = K(f(u)), K ikiwa ni kitendo cha kutatua −u'' = kitu, afu unatafuta u ambayo ukiipitisha humo inatoka vilevile. Nukta isiyohama.

Inataka nini: nishati haitaki. Na hapa inazipita zote mbili za juu, nisieleweke vibaya. Fikiria maji ya chini ya ardhi kwenye miteremko ya Meru, ambayo wengi tunajua yana floraidi nyingi, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi huku vinazidi. Floraidi inasambaa yenyewe na pia inabebwa na maji yanayotembea, kwa hiyo mlinganyo unakuwa −D·u'' + v·u' = g(u), u ni kiasi cha floraidi, D ni kasi ya kusambaa, v ni mwendo wa maji, na g ni kinachoongezwa au kuondolewa. Hilo u' limeharibu nishati. (Kwenye mstari mmoja unaweza kuliponya kwa kuzidisha yote na e^(−vx/D), jaribu utaona linakusanyika vizuri. Lakini maji yakizunguka zunguka kwenye vipimo viwili au vitatu huo ujanja unakufa.) Banach wa 1922 na Schauder wa 1930, pamoja na Leray na Schauder wa 1934, hawajali kama kuna u' au hakuna.

Inakupa nini inategemea umemchukua nani. Banach anakupa suluhu moja tu pamoja na kasi ya kuifikia: kwa −u'' = h + ½·sin u kwenye kipande chetu kilekile, kila mzunguko kosa linapungua kwa nusu au zaidi, mizunguko 10 umeshagawa kwa 1,024. Schauder anakupa "ipo", nukta. Hakuambii ni ipi wala ni ngapi.

Inakwama palepale dogo alipokwama. Ngoja nikuonyeshe kwa karibu. Chukua u = t·sin x, uipitishe kwenye K(u³), ukiacha kile kipande kidogo cha sin 3x unachopata ni t mpya = ¾t³. Anza na 1: inakuwa 0.75, halafu 0.316, halafu 0.024, inaisha. Anza na 1.2: 1.296, 1.633, 3.26, imelipuka. Katikati yao kuna t² = 4/3, ile ile 1.155 tuliyoikuta juu ya ukingo! Suluhu ipo pale, lakini kuzungusha kunaikimbia pande zote mbili, na Schauder kwenye mpira mdogo anaikamata sifuri tu.

Kompyuta: rahisi kuliko zote kama Banach ameruhusu, mistari mitano ya Python. Kama hajaruhusu usijidanganye na grafu iliyotulia, iangalie kama haijatulia kwenye sifuri.

Inamfaa mtu wa mifumo yenye mikondo, mtu wa magonjwa ya kuambukiza na milinganyo mingi inayoingiliana isiyo na nishati, na mtu anayetaka uhakika wa kasi ya hesabu.

Ya nne kwa kifupi: kubana juu na chini

Ukipata fankisheni moja iliyo chini ya mlinganyo (−u'' yake haizidi upande wa kulia) na nyingine iliyo juu yake (−u'' yake haipungui upande wa kulia), na ya chini haivuki ya juu, suluhu iko katikati yao. Haihitaji nishati, inahitaji ulinganifu wa ukubwa ambao mifumo mingi haina. Kwa idadi ya viumbe, −u'' = λu − u² na λ zaidi ya 1, weka ε·sin x chini na λ juu, umemaliza, na suluhu ni chanya moja kwa moja. Tandiko haizikamati kirahisi, kwa hiyo kwa u³ usiitegemee. Kwa mtu wa ikolojia ni ya kwanza kuijaribu.

Sasa wewe uko wapi

Kama mlinganyo wako una derivativu ya kwanza isiyotoka kwa ujanja wa kuzidisha, njia mbili za mwanzo ziweke pembeni, nenda kwenye kuzungusha, na kama namba zako ni ndogo anza na Banach kabla ya Schauder, kwa sababu ukimpata unapata na upekee na kasi.

Kama una nishati, ichore kwanza. Nasema uichore kweli, chukua u = t·sin x uweke kwenye karatasi uone t ikikua inaenda wapi, ni kazi ya dakika 10 na ingemuokolea dogo miezi mitatu. Ikipanda pande zote, shuka bondeni, usijitafutie makuu. Ikishuka bila mwisho na karibu na sifuri inapanda, uko kwenye kreta, nenda kwenye ukingo, lakini kabla hujaandika ukurasa wa pili cheki f inakua kwa daraja gani na uko kwenye vipimo vingapi. Kuna nishati zisizo bakuli wala kreta, zinapanda upande mmoja na kushuka mwingine tangu kwenye sifuri yenyewe, Rabinowitz ana theoremu ya tandiko ya 1978 kwa ajili hiyo, ila isome baada ya kuielewa ya kreta.

Kama una muda wa muhula mmoja na hujawahi kugusa nafasi za Sobolev, kuvuka ukingo kwenye vipimo vitatu ni mzigo mkubwa, fanya kwenye mstari mmoja, utapata wazo lote bila balaa la u⁵. Kama unataka suluhu nyingi na f yako inabadili alama pamoja na u, vumilia, hakuna mwingine atakayekupa hizo. Kama unachohitaji ni namba tu za kuweka kwenye ripoti ya maji au ya joto, shuka bondeni au zungusha, na uandike wazi umetumia ipi.

Na kama una sifuri ya bure kama dogo, jiandae na lile swali. Alirudi baada ya wiki kadhaa, safari hii daftari lilikuwa na ukurasa mmoja umekunjwa, kauanza na 1.155·sin x, kaendesha Newton kwenye laptop yake, kilele kimetulia kwenye 1.180. Nikamuuliza kama paneli walivomuuliza, hiyo suluhu yako sio sifuri yenyewe?

"Hapana kaka. Nishati ya sifuri ni sifuri, ya hii ni 0.508."